Nilimwandikia Hapana

Swali la 19 lilisema hivi: "Je, una ufahamu wowote kuhusu umuhimu wa mikoko kwa mazingira?" Chini yake kulikuwa na visanduku vitatu. Ndiyo. Hapana. Sijui. Mpaka leo sijaelewa tofauti ya Hapana na Sijui katika swali kama hilo, lakini sikuwa nimeajiriwa kuelewa. Nilikuwa nimeajiriwa kugusa kioo cha tableti, kaya nane kwa siku, shilingi 1,500 kwa siku, nauli na chakula juu yangu.

Mzee niliyekuwa namhoji alikuwa ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, chini ya mkungu, akishona jarife. Kijiji chake sitakitaja. Kiko Kwale, kusini ya Gazi, na hiyo inatosha. Nilimwamkia, nikajieleza, nikamsomea kile kipande cha idhini ambacho hakuna mtu hukisikiliza, na tukaenda vizuri tu kutoka swali la kwanza hadi la 18: umri, watoto wangapi, paa ni bati au makuti. Tulipofika la 19 akaacha sindano hewani.

"Mikoko gani, mwanangu?"

"Mikoko tu, Mzee. Hii miti ya hapa."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeulizwa kama anawafahamu watu wa nyumbani kwake. Kisha akaanza. Aliniambia pale si mti mmoja, ni mtaa mzima. Mbele kabisa, mawimbi yanakopiga, husimama mlilana, na humo ndimo mafundi hutoa mataruma ya mashua. Nyuma yake ndipo mkoko wenyewe, ule wenye mizizi kama miguu ya kaa, ambao boriti zake zilipakiwa majahazini kwenda Arabuni enzi za babu yake. Humo kati hujipenyeza muia. Ukizidi kuja nchi kavu wapata mkandaa, ambao gome lake lilitumiwa kutia rangi. Na mchu? "Mchu hauna adabu," akasema. "Wakaa mbele, wakaa nyuma, popote upendapo."

Akanieleza jinsi kamba wadogo wanavyoingia kwenye mizizi na maji ya bamvua. Akanitajia kichaka kimoja kilichokatwa, na kwamba tangu mwaka huo kina mama wanaotanda uduvi walianza kurudi na ndoo nusu. Halafu akanyoosha sindano kuelekea ufuoni, palipokuwa na bango lenye nembo tano za washirika. Kulikuja watu na basi, akasema, wakiwa na fulana za rangi moja, wakapanda mikoko mchangani, mahali pa nyasi za baharini. Walipiga picha. Kusi ilipovuma, miche yote ikaondoka. "Mbegu za mkoko zaelea hapa kila siku, mwanangu. Bahari ingelitaka mti pale, ingeliupanda yenyewe."

Alizungumza kama dakika arobaini. Alipomaliza niliangalia maelekezo yangu. Yalisema nichague Ndiyo iwapo mhojiwa ametaja angalau mambo mawili kati ya haya: kufyonza hewa ya ukaa, kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, kuhifadhi bayoanuwai, kuzuia mmomonyoko. Mzee hakuwa ametamka hata neno moja kati ya hayo.

Ningeweza kuwahesabu wale kamba wadogo kuwa bayoanuwai. Ningeweza kuihesabu hadithi ya kusi na mchanga kuwa mmomonyoko. Nilijua hivyo wakati ule ule, sikugundua baadaye nikiwa kwenye matatu. Lakini ilikuwa saa kumi jioni, nilikuwa kaya ya tano, na ile programu ilikuwa na tabia moja ambayo kila mkusanya data anaijua: ukibonyeza Ndiyo inafungua maswali sita zaidi. Ukibonyeza Hapana inaruka moja kwa moja hadi swali la 26.

Nilibonyeza Hapana. Kaya namba 214.

Miezi michache baadaye ofisi ile ile ilinipa kibarua cha pili. Kuna msichana pale alijua naandika, akaniambia kuna muhtasari wa ripoti unaotakiwa kwa Kiswahili, kurasa sita, malipo kwa ukurasa. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Kodi ya nyumba haina aibu. Ndipo nikakutana na kazi ya kidole changu ikiwa imevaa suti. Ukurasa wa pili ulisema wengi wa wanajamii wana ufahamu mdogo kuhusu mifumo ikolojia ya mikoko. Ukurasa wa nne ulipendekeza mafunzo, yafadhiliwe kupitia ushirikiano wa chuo kikuu cha ng'ambo, shirika la hapa nyumbani, na jamii husika. Lengo: kuziba pengo la maarifa.

Neno "pengo" nililiweka mimi. Nilikaa nalo karibu usiku mzima. Kwa Kiswahili pengo ni la mdomoni kwanza. Ukimwona mtu ana pengo unajua kulikuwa na jino hapo. Lilioza, au liling'olewa, au alipigwa ngumi, lakini lilikuwepo. Hakuna anayesema mtoto wa miezi miwili ana mapengo. Sasa mimi nilikuwa naandika kwamba Mzee ana pengo, na nilikuwa najua nani aliling'oa jino, kwa sababu lilikuwa bado mkononi mwangu.

Hebu niseme na langu, maana bila hilo utadhani mimi ni mtu mwenye dhamiri nyepesi kuliko wengine. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo ilichangia, lakini karo ni sehemu tu ya hadithi. Alama za masomo mawili hazikuonekana kwenye mfumo. Kila komredi wa nchi hii anajua ugonjwa huo. Mitihani niliifanya, nilitia sahihi kwenye orodha ya waliohudhuria, niliketi karibu na dirisha. Nilizunguka ofisi kwa ofisi muhula mzima: huyu ananiambia nenda kwa yule, yule ananiambia mhadhiri alihama. Mwishowe nikaambiwa rahisi ni kurudia masomo yale, na kulipia tena. Mama hakuwa na hela ya kulipia jambo lile lile mara mbili. Somo moja kati ya yale mawili lilikuwa takwimu. Cheka tu, hata mimi nacheka. Mpaka leo kuna kompyuta mahali inayosema sijui takwimu.

Kwa hiyo nilijua ladha yake, ya kuandikwa hujui jambo unalolijua na mtu ambaye hata hana ubaya nawe. Na bado nilimfanyia mwingine. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Umoja wa Mataifa ulipopitisha Malengo ya Maendeleo Endelevu mwaka 2015, lengo la mwisho, la 17, lilikuwa ushirikiano. Ndani yake wanazungumzia kushirikishana maarifa, na ubia unaojumuisha kila mtu: serikali, kampuni, vyuo, raia. Sina ugomvi nalo. Ni lengo zuri, na ukitaka kujua uzuri wake jaribu kutatua jambo lolote peke yako. Shida yangu ni picha iliyo chini yake, ile ya birika na vikombe. Maarifa yako upande mmoja, yamejaa. Upande wa pili ni tupu. Ushirikiano ni mkono unaomimina. Hata Kiswahili cha semina kimeitikia picha hiyo: "kuwajengea uwezo", "kuwahamasisha", "kuwafikia". Wao daima ni wa kufanyiwa.

Halafu kuna lile neno letu, washikadau. Sijui nani alilibuni, lakini linanichekesha. Katika habari yote hii mtu pekee aliyewahi kushika dau, la mbao, lenye tanga, ni Mzee.

Lakini sitaki kumgeuza Mzee mtakatifu. Vijana wa mjini tuna tabia hiyo. Tukichoka na vitabu tunakimbilia wazee, kama kwamba kila mwenye mvi ni maktaba. Yapo mambo Mzee hakuyajua, na hayakuwa madogo. Sehemu kubwa ya kaboni inayohifadhiwa na mikoko haimo kwenye shina wala kwenye majani. Imo chini, kwenye tope, ilikojilimbikiza kwa miaka mingi kwa sababu maji ya chumvi na ukosefu wa hewa vinazuia mabaki yasioze haraka. Hakuna mvuvi anayeweza kuliona hilo kwa macho. Linahitaji bomba la kuchimbua tope, tanuri, mizani, na mtu mwenye subira ya ajabu. Pia si kweli kwamba watu wa Pwani waliitunza mikoko tangu enzi za mababu mpaka mzungu alipokuja kuvuruga. Boriti ni biashara ya karne nyingi, na serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982 kuna waliolia kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikiwalisha.

Kwa hiyo pengo lipo kweli. Lipo pande zote mbili. Swali ni nani ana ruhusa ya kulionyesha la mwenzake.

Nilipomaliza kile kibarua cha kwanza nilibaki na siku moja kabla ya basi la Nairobi, nikaitumia kwenda Gazi, kama kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Nilikuwa nimesikia habari za Mikoko Pamoja na nilitaka kuona kama ni maneno ya kwenye brosha. Nilitembea kwenye ule ujia wa mbao unaoendeshwa na kina mama, katikati ya mikoko, maji yakiwa yametoka, kaa wakikimbilia mashimoni kila hatua.

Historia yenyewe ni ndefu kuliko brosha. Misitu ya ghuba ile ilikatwa vibaya miaka ya 1970, kwa kuni za viwanda na boriti. Tangu miaka ya 1990 watafiti wa KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, akiwemo Dkt. James Kairo, wamekuwa wakijaribu kupanda tena pale pale, pamoja na wanakijiji. Walipanda, ikafa, wakauliza kwa nini, wakapanda tena. Hebu shika hilo la miaka, kwa sababu Mikoko Pamoja yenyewe ilianza kuuza kaboni mwaka 2013. Yaani kabla ya mtu yeyote kuuza chochote, zilipita kama miaka ishirini ya watu wale wale kukutana kwenye tope lile lile. Mradi wa mkusanya data kama mimi hupewa siku 12.

Mfumo wao, kwa ufupi: vijiji viwili, Gazi na Makongeni, vinalinda hekta 117 za mikoko. Ukuaji wa miti unapimwa, na wanakijiji wenyewe hushiriki katika kupima. KMFRI na Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier cha Scotland wanasaidia kwenye sayansi, kiwango cha Plan Vivo kinathibitisha, na takriban tani 3,000 za hewa ya ukaa huuzwa kila mwaka kwa watu na kampuni zinazotaka kufidia uchafuzi wao. Pesa zinarudi vijijini, na wanakijiji wanaamua ziende wapi. Zimekwenda kwenye maji na kwenye shule. Mwaka 2017 walipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na baadaye watu wa Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, wakaanzisha mradi wao wa aina hiyo.

Jambo lililonikaa zaidi lakini ni la mivinje. Ukimwambia mtu asikate mkoko, bado ana chungu jikoni. Atakwenda kukata kwingine, na hesabu yako yote ya kaboni itakuwa uongo. Kwa hiyo wamepanda mivinje ya kuni na ya kujengea, nchi kavu. Sayansi ina jina lake la kitaalamu kwa tatizo hilo, lakini suluhisho lake linataka mtu anayejua kuni za nyumba fulani zinatoka wapi. Pale naona pande mbili zimeingiliana mpaka huwezi kusema ipi imeifundisha ipi.

Mikoko Pamoja si paradiso. Tani 3,000 hazitajirishi vijiji viwili. Bei ya kaboni haiamuliwi Gazi. Na msitu wenyewe si wao: mikoko yote ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, enzi za mkoloni, na mpaka leo wanaulinda kwa makubaliano na Huduma ya Misitu. Mtu anaweza kuuliza, kwa haki kabisa, kwa nini mwanamke wa Makongeni apewe kazi ya kusafisha hewa iliyochafuliwa na mtu wa ng'ambo anayesafiri kwa ndege kila wiki. Mimi sina jibu. Ila najua tofauti moja kati ya pale na kijiji cha Mzee. Gazi mtu akisema miche haitashika mahali fulani, kuna kikao anachoweza kulisemea hilo, na kuna mtu kwenye kikao hicho ambaye mwakani atakuwepo tena, na ataona aibu kama ilikufa kweli.

Fikiria upande wa pili, pale ambapo hakuna kikao. Kuna uwezekano mkubwa umewahi kuvaa jinzi iliyopaushwa, ile uliyoinunua Gikomba ukaambiwa ni kamera. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanasayansi kutoka Uingereza walichukua sampuli za vijidudu kwenye maziwa yetu ya magadi, likiwemo Bogoria. Kimeng'enya kilichotokana na kazi hiyo kikaishia kutumiwa na kampuni ya Genencor kupausha jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, likajitokeza hadharani kudai mgao. Na Waendorois, wenyeji wa ziwa lile, wakati huo walikuwa wanapigania kitu cha msingi zaidi: walihamishwa miaka ya 1970 kupisha hifadhi, na ni mwaka 2010 tu ndipo uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kwamba haki zao zilikiukwa, ulipotangazwa.

Baada ya kesi za namna hiyo dunia ilijifunza kidogo. Kuna Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, ambayo Kenya imeiridhia: ukichukua mmea, kijidudu au maarifa ya jadi yanayohusiana navyo, unaomba ruhusa na unagawana faida. Wasan wa Afrika Kusini walikwenda mbali zaidi, wakaandika kanuni zao wenyewe za maadili kwa watafiti, wakazitoa mwaka 2017. Heshima, uaminifu, haki, kujali. Walichoka kusomwa kama nyayo.

Lakini angalia ni maarifa gani yanayolindwa na itifaki kama ile: yale yanayoweza kuuzwa. Jani linaloponya, kijidudu kinachopausha. Mzee hakunipa jani. Alinipa sentensi moja inayosema bango lenu liko mahali pasipofaa. Maarifa ya kumwambia mwenye pesa kwamba amekosea hayana soko, hakuna atakayeyaiba, kwa hiyo hakuna aliyewahi kufikiria kuyatungia sheria. Ukitaka kufanya utafiti Kenya unahitaji kibali cha NACOSTI. Unatakiwa kumwarifu kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti, na ukimaliza unapeleka nakala ya ripoti yako Nairobi. Ni utaratibu mzuri. Mwenye mtumbwi hayumo.

Nilimweleza haya yote rafiki yangu mmoja, tuliyekaa naye chumba kimoja chuoni, yeye alimaliza. Tulikuwa kibandani tunakula chapati madondo. Akaniambia, "Buda, wewe ulikuwa kidole tu. Dodoso hukuandika. Programu hukuitengeneza. Ungekataa, wangepata kidole kingine kufikia saa nane."

Ni hoja ya kweli, na nimejaribu sana kuikubali kwa sababu ingenifaa. Inanishinda mahali pamoja. Aliyeandika dodoso hakumsikia Mzee. Aliyetengeneza programu hakumsikia. Profesa aliyetia sahihi kwenye ripoti hakumsikia, na angalau yeye anaweza kusema aliamini takwimu alizopewa. Katika mlolongo wote, kuanzia mfadhili hadi mchapishaji, mtu mmoja tu alijua kwamba jibu sahihi la kaya 214 si Hapana. Kama kuna mahali ukweli ulikuwa na nafasi ya kupita, ulikuwa umebana kwenye upana wa kidole changu.

Msimamizi wangu kazini, dada mwema kweli, siku moja aliniambia, "Tukiandika kila alichosema kila mzee, hakuna mtu atasoma." Naye ana haki yake. Gazi isingeuza hata tani moja kwa hadithi. Inauza kwa sababu mtu alizungusha futi kwenye shina na kuandika namba. Sichukii namba. Nililipia karo nizijue. Ila namba ya Gazi mwanakijiji anaweza kwenda kuipima tena kesho, kwenye mti ule ule, na kusema mmekosea. Namba yangu Mzee hakujua hata kama ipo.

Nikaandika barua pepe. Nilieleza kwamba kaya 214 ilijazwa vibaya, kosa ni langu, na kwamba huenda si hiyo tu, maana niliruka maswali kwa namna ile ile mara kadhaa nilipochoka, na nina hakika sikuwa peke yangu. Nikaongeza habari ya bango na nyasi za baharini. Baada ya wiki mbili nikajibiwa kwa adabu. Walinishukuru kwa uaminifu wangu. Data zilikuwa zimeshasafishwa na kufungwa, na mradi umefika mwisho. Nilirudia lile neno, zimeshasafishwa. Sijapata kibarua kwao tena, na sidhani ni bahati mbaya.

Agosti nikapanda basi kwa pesa yangu. Nilikuwa nimechapisha ule muhtasari wa Kiswahili, kurasa sita. Mzee nilimkuta pale pale, kusi ikivuma, mtumbwi ukiwa umepinduliwa upande mwingine. Alinikumbuka, au alikuwa na heshima ya kujifanya ananikumbuka. Nikamwambia nimeleta majibu ya yale maswali. Akasema hakuna aliyewahi kuleta, akavuta kigoda.

Nikamsomea. Nilipofika kwenye ufahamu mdogo nikasimama, nikamwambia hilo la kwake nililiandika mimi, na nikamweleza vile maswali yanavyoruka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mimi sijui."

"Kwa mujibu wa karatasi hii, hujui, Mzee. Nisamehe."

"Na wewe ulilipwa?"

"Nililipwa."

"Basi si haba. Mmoja kapata." Akarudi kwenye nyavu yake. "Endelea kusoma."

Sijui kama huo ulikuwa msamaha. Niliendelea. Kwenye ukurasa wa tano kulikuwa na aya moja kuhusu kaboni iliyo chini ya mikoko, ile ambayo niliitafsiri mara tatu ili isikike kama Kiswahili. Nilikuwa nimeshaipita aliponishika mkono.

"Rudia hapo pa tope."

Nikarudia. Akaniuliza ni tope la kwenda chini kiasi gani. Nikamwambia sijui, lakini nadhani hata zaidi ya kimo cha mtu mahali pengine. Akauliza, ukikata mti, lile la chini labaki au latoka? Nikamwambia linatoka kidogo kidogo, tope likishachimbuliwa au kupigwa jua. Alinyamaza akitazama kule kwenye kichaka alichonionyesha mara ya kwanza, kile kilichokatwa.

"Na tope la mchu na tope la mkoko," akasema, "ni lipi lashika zaidi? Maana si tope moja. La mchu ukilikanyaga laingia mguu hapa" (akaonyesha kifundo) "na la mkoko lakufika gotini. Waulize hilo."

Nilipiga namba ya mratibu wa mradi pale pale, mbele yake. Haikushika. Nikageuza karatasi ya tano nikaliandika swali lake nyuma, kwa kalamu, kama alivyolisema, na tarehe. Ninayo hapa. Bado natafuta wa kumpelekea.